Boila Niliyoiziba Pumzi

Nakumbuka siku moja niliyokaribia kumuua dada yangu kwa mikono yangu mwenyewe, mwanangu. Ilinirudia jana, uliporudi kutoka chuoni Njoro ukisema moshi wa nchi unaongezeka kwa sababu watu wameongezeka. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Nilikuwa kijana, mchochea moto wa boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, katika kiwanda cha blanketi hapa Nakuru. Baridi ilikuwa imewashika watu wa Kuresoi, na blanketi zikatakiwa upesi. Bomba letu la mvuke lilikuwa na ufa. Tulilifunga magunia tukaongeza kuni, maana hakuna aliyetaka kuzima boila nusu siku ili bomba lichomelewe. Nami, kwa ujuaji wangu, niliona vali ya usalama, ile inayoachia mvuke ukizidi, ikipuliza mvuke nje, nikasema huu ndio upotevu. Nikaifunga kwa waya. Nilijisifu hata.

Mshale wa geji ya kupimia nguvu ya mvuke ulipanda hadi kwenye rangi nyekundu. Boila ikaanza kunguruma. Nyuma ya ukuta ule dada yangu Nekesa alikuwa akifuma, hana habari. Nakiri, miguu yangu ilitaka mlango.

Ndipo akaingia Mzee Odhiambo, fundi wetu, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Aliuona ule waya.

"Usiguse hiyo waya saa hii, itatulipukia," akasema. "Toa moto nje. Pole pole."

Tulikokota makaa kwa reki mpaka sakafuni. Suruali yangu ilishika moto nikaizima kwa kofi. Mshale haukusogea. Tulikokota tena, jina la Nekesa likinizunguka kichwani. Kisha mshale ukashuka, kidogo sana, halafu kidogo tena.

Mzee hakunipiga. Alinipeleka kwenye bomba, akafungua magunia, mvuke ukatupiga usoni.

"Blanketi zimeongezeka kidogo tu, kijana. Kuni zimeongezeka mara mbili. Hizo zingine unapikia nani?"

Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiulizwa moshi wa nchi unatoka wapi, usihesabu vichwa peke yake. Tuko wengi na tunataka mengi, sikatai; hata mimi nataka friji. Lakini uliza pia tunachoma nini, na kila kuni inatoa kazi gani. Huu mvuke wa ardhini wa kuzalishia umeme tunaojivunia huku kwetu ni baraka, ila tukiutumia ovyo hautatutosha, nasi tutarudi kwenye mafuta na makaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wangu nusura umwangukie mtu.

Nenda salama. Mungu akupe moto wa kukutosha, na moyo wa kuuzima pale bomba linapotaka kuzibwa. Na ukipitia kwa shangazi yako Nekesa, msalimie. Mpaka leo hajui.