Saa Zilizocheleweshwa Makusudi

Siku mdogo wangu alipokuja kijijini kwetu Issuna kupima shamba letu, baba alimpa yeye jembe. Kwetu, mpaka unapopitiwa upya, mzaliwa wa kwanza hutangulia na jembe, akipalilia shina la kila mnyaa wa mpakani mbele ya jirani. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Lakini mimi naandika riwaya, na yeye ni mpima ardhi. Nikatembea nyuma, nimebeba dumu la maji.

Nilimwonea wivu hata kivuli chake. Alisimamisha kipimo chake juu ya fimbo ndefu, na baba akakitazama kama anavyotazama mvua ya kwanza. Kitabu changu hajawahi hata kuuliza kinahusu nini.

"Hicho kinajuaje tulipo?" akauliza jirani, mzee ambaye bila alama ya dole gumba lake kwenye fomu tusingepata hati ya shamba.

"Kinasikiliza saa za setilaiti, baba mkubwa," mdogo wangu akajibu. "Kule juu uvutano wa dunia ni mdogo, saa zinakimbia. Mwendo wa setilaiti unazirudisha nyuma, ila kidogo tu. Kwa hiyo kabla ya kurushwa zilipunguzwa kasi makusudi. Bila hivyo, kwa siku moja tungekosea kilomita kama kumi."

Mzee akaficha dole lake kwenye ngumi. "Saa mliyoiharibu wenyewe ndiyo ipime shamba langu? Hapana, binti."

Akaeleza tena, kwa maneno ya chuoni. Mzee akazidi kutikisa kichwa. Jibu nilikuwa nalo, nikalificha kama punje ya alizeti chini ya ulimi. Nilifurahi kumwona amekwama, sitaficha.

Hatimaye baba akageuka kunitazama. Nikasogea mbele.

"Mpe mzee maji."

Nikammiminia. Sijui kwa nini nilisema. "Baba mkubwa, yule ng'ombe wako wa kulia mwenye haraka, ukitaka kulima unamfanyaje?"

"Namfunga nyuma kidogo, plau inyooke."

"Umemharibu?"

Akanywa, akafikiri. "Kumbe saa nazo zina kiherehere!" Akacheka mpaka maji yakammwagikia kifuani, akaomba wino.

Baba akamshika mdogo wangu bega. "Umemweleza vizuri, mwanangu."

Mdogo wangu akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nikainua dumu, nikawafuata hadi mnyaa wa pili.