Anayesikia Kabla ya Mgonjwa

Saa mbili asubuhi, chumba cha mwisho cha maabara ya hospitali. Hakina dirisha. Mwanamke amevaa vipokea sauti, macho ameyafumba, vidole vinakimbia juu ya kibodi. Masikioni mwake, katika sauti iliyorekodiwa, daktari wa maabara anaeleza alichokiona kwenye darubini, polepole, kama mtu anayeongea usingizini.

"Seli zimeongezeka kupita kiasi. Zimepoteza mpangilio."

Nje, kwenye benchi la korido, wenye seli hizo wanasubiri. Mmoja anacheka na simu yake.

"Nikipita wananiuliza, 'Dada, majibu yetu bado?' Naitikia tu," anasema mpiga chapa huyu, ambaye wenzake wamembandika jina la Sikio. "Najua kilichomo ndani yao, wenyewe hawajui. Kuna siku najiona kama mchawi."

Alianza kazi akidhani uvimbe ni uvimbe tu. Sasa anajua kwamba seli huweza kuongezeka zikabaki za kawaida. Nyingine hubadilika sura. Zile mbaya kabisa hupenya hadi tabaka za ndani, zikahamia kwingine mwilini.

"Zimepenya, hazijapenya. Hapo ndipo roho ya mtu inaponing'inia," anasema.

Mwaka jana, mchana mmoja, sauti ilitaja jina la wifi yake, dada wa mumewe, wanayeishi naye nyumba moja. Alikuwa amepimwa mlango wa kizazi, akarudi akisema ni mambo ya kawaida ya wanawake.

"Seli zimebadilika sura," ilisema sauti. "Na zime..."

Mtu alibisha hodi. Kiti kikaburutwa. Daktari aliitwa kwa dharura, akatoka bila kuzima kinasa sauti.

"Nilisikiliza chumba kitupu hadi mwisho," anasema Sikio. "Maji yanadondoka. Halafu kama mtu anavuta pumzi, karibu kabisa. Nikarudia, nikarudia. Mpaka leo sijui alikuwa nani."

Daktari hakurudi siku ile. Jioni, mezani, wifi alikuwa akisimulia vituko vya jirani, mkono mmoja juu ya tumbo. Ghafla akamgeukia Sikio.

"Wifi, mbona unaniangalia kama unaniaga?"

"Nani, mimi? Usingizi tu."

"Usingizi gani wenye machozi? Hiyo sauti yako ya kazini imenitaja, siyo?"

 Kiapo cha kazi kilimfunga Sikio ulimi, na hata angekivunja, alikuwa na nusu ya sentensi tu.

"Nikamshika mkono, chakula kikapoa," anakumbuka. "Nakwambia, nilikuwa nazisikia. Zinakua."

Kesho yake sauti ilimalizia, kavu kama kawaida: "Na zimefika hadi tabaka la juu. Hazijapenya."

Sikio alivua vipokea sauti, akalia mpaka msimamizi akaja kugonga mlango.

Wifi aliitwa na daktari wake, akakatwa kipande kidogo chenye seli hizo. Vipimo vya karibuni ni safi. "Wifi yangu hana siri," anasema wifi huyo akicheka. "Uso wake ni redio."

Sikio sasa anasomea ushauri nasaha. Anataka kuhama chumba hiki, akakae na wagonjwa wanapopewa majibu.

"Neno likitamkwa, niwe nimeketi kando ya mwenyewe," anasema. "Asilisikie peke yake."