Viatu vya Twiga

Fundi cherehani mmoja alikuwa mjane, watoto wake wamekwisha kuota mbawa, ndipo akaamua kwenda nchi ya watu kujitolea. Wanawe wakamcheka: "Mama, sisi ulituchoka, sasa unakwenda kulea wa wenzio?" Akawaambia mkono usio na kazi huota kutu, akafunga mzigo.

Kazi yenyewe haikuwa ya kupigiwa picha. Nyuma ya hospitali palikuwa na nyumba ndefu ya vitanda, wajawazito waliotoka mbali wakingojea siku zao humo. Yeye alifagia, akachemsha maji, akashona shuka zilizochanika, akawakanda migongo. Siku ya kwanza muuguzi mkuu alimpokea kwa maneno matamu: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wanawake wakamwita Shangazi.

Alikuwamo mmoja mrefu, wakamwita Twiga. Viatu vya kike havikumwenea, akivaa vya mumewe. Uzazi uliopita alipasuliwa, na daktari alimwonya: uchungu ukimkuta mbali na hospitali, lile kovu laweza kuachia. Asivuke ua.

Mchana mmoja ikaja habari kutoka kwa wifi yake aliyemwachia mtoto: mtoto kagoma kula, anamlilia mama.

"Shangazi, nakwenda mara moja. Kesho niko hapa."

"Hiyo mara moja yenu naijua mimi! Kaa."

"Mwanangu hali!"

"Atakula akichoka kulia. Wewe ukipasukia njiani, atalelewa na nani?"

Twiga akaenda kuoga. Shangazi akachukua vile viatu akavitia kwenye kasha la cherehani, chini ya vitambaa, kama alivyokuwa akimfanyia bintiye aliyependa kuzurura. "Haya, tuone twiga atakimbiaje bila kwato!" Chumba kizima kikaangua kicheko, naye akacheka mpaka machozi.

Twiga akarudi, akainama kwa taabu chini ya kila kitanda. Akauliza. Wenzake wakatazama dari. Akaketi. Shangazi akadhani yamekwisha, akaenda kuteka maji. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

Barabara kuu ina magari, asingekosa wa kumbeba. Lakini aliona haya kusimama pale pekupeku na tumbo lile, watu wakimkodolea macho. Akakata kwa njia ya mashambani, ambako hapiti mtu. Huko ndiko uchungu ulikomshika. Wachoma mkaa walimkuta, wakang'oa mlango wa kibanda chao, wakambeba juu yake. Daktari alimwokoa yeye. Kichanga hakikulia hata mara moja, na tumbo halitabeba tena.

Siku ya kuruhusiwa, Shangazi alimwendea wodini na viatu mkononi, amevipangusa vumbi.

"Mwanangu, ni mimi niliyevificha."

"Najua, Shangazi. Nilisikia vicheko nikiwa bafuni."

"Basi mbona hukunidai?"

"Nilingoja uvirudishe."

Shangazi akapiga magoti amvishe. Miguu ilikuwa imevimba, nyayo zimefungwa bendeji. Viatu vile vya mwanamume vikakataa kuingia. Akasukuma kidogo, Twiga akaguna, Shangazi akaacha.

Wifi alikuwa mlangoni, kambeba yule mtoto, anatafuna mkate kwa raha zake. Twiga akavishika viatu, akamwegemea wifi, wakatoka polepole.

Kitanda kilikuwa kinangojewa na mwingine. Shangazi akatandua shuka.