Mikono Minne ya Kaboni

Mwalimu wetu wa kemia, katika sekondari isiyo na maabara nje ya Kasulu, hutengeneza molekuli kwa kiazi, njiti nne za ufagio na maharage yaliyolowekwa: kiazi ni kaboni, maharage ni haidrojeni. Vidole vyake hunuka maharage mabichi. Kila Jumatatu huondoa punje zilizokauka, huchomeka mpya, na kusema polepole, “Kaboni ina mikono minne. Usiache hata mmoja mtupu.” Jumatatu iliyofuata matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyoleta sifuri kwa darasa zima, Asmahani wa kidato cha tatu alimwambia, “Mwalimu, haidrojeni moja imedondoka.” Mwalimu aliiokota, akaipangusa kwa koti. Kisha akachomoa zile tatu zilizobaki, akazitia zote mfukoni. Akaketi. Kiazi kikabaki mezani na njiti zake nne.