Shairi Lililokosa Vigelegele

Majuzi nilikwenda Kanja kumzika wifi yangu, mke wa kaka. Ibada ilipokuwa ndefu nikatoka nje kunyoosha magoti. Ng'ambo ya ua kuna shule ya msingi, na watoto walikuwa wakifanya mazoezi ya shairi la mashindano, wale wenye sauti nyembamba mbele, wenye nzito nyuma. Shairi lenyewe lilihusu kupanda miti. Sikulifuatilia. Nilisikiliza vina tu, jinsi vilivyokuwa vikigonga mwisho wa kila mstari, na nikajikuta nimesimama pale mpaka jeneza likatolewa.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, ni kwa nini.

Miaka ile ya Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau, hatukukaa kwetu. Tulitolewa mashambani, nyumba zikachomwa, tukapangwa katika kijiji kimoja kikubwa, vibanda vimebanana hata jirani akikohoa unageuza kichwa. Kijiji kilizungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa kama mikuki. Mama na wanawake wenzake ndio waliolichimba. Walitoka asubuhi wakisimamiwa na homgadi, askari wenyeji wa serikali, wakarudi jioni na udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi. Kisha walipewa muda mfupi wa kukimbilia shambani kuchimba viazi, na kafyu ikaanza, mtu haruhusiwi kutoka nje. Tulikula mahindi makavu yaliyochemshwa na chumvi. Baba alikuwa kizuizini, na karibu kila kibanda kilikuwa na mtu wake aliyekuwa kizuizini au msituni au asiyejulikana alipo. Hatukuzungumza habari hizo. Ukiniuliza kama nilikuwa na huzuni, nitakwambia sikumbuki. Nakumbuka njaa, moshi, na harufu ya udongo mbichi.

Shule ilikuwa banda la nyasi karibu na lango. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kwetu, Membu, lakini Kiswahili chake hakikuwa cha kwetu. Ujana wake aliuishi Meru mjini, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, na jioni wazee wa nyumba ile walikuwa wakishindana kwa mashairi barazani. Huko ndiko alikojifunza. Sisi tulikuwa hatujui hata kupatanisha maneno vizuri, tunasema "kitabu yangu", naye anatufundisha vina.

"Funga macho," alikuwa akisema. "Usisikilize maneno. Sikiliza mwisho."

Alituambia kwamba kina cha "ka" ni cha kupigia makofi, ni kama mtu anayepasua kuni. Kina cha "ni" humvuta msikilizaji karibu, kama anayenong'onezwa. Halafu akatuambia tucheke huku tukisema "tu". Tulijaribu, darasa zima. Midomo ilikuwa ikijifunga yenyewe.

"Mnaona?" akasema. "Kina kinaweza kukataa jambo ambalo maneno yamekubali."

Hatukuelewa. Tuliandika kwa sababu alisema tuandike.

Basi siku moja hedimani, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, akaja darasani na kofia yake ya khaki. Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, angekuja kukagua kijiji, na watoto walitakiwa kutoa shairi la shukrani.

"Lisiwe refu," hedimani akasema. "Na wanawake wapige vigelegele mwisho. Mimi nitainua kofia, wao wapige."

"Sawa, mzee," mwalimu akajibu.

Alitunga, tukajifunza, hedimani akaja kusikiliza akaridhika. Lilianza hivi:

*Tumeletewa amani, kijiji kimejengeka,*
*Twalala bila huzuni, milango imefungika.*

Lilikuwa na mwendo wa haraka, na hata wadogo walikuwa wakiliimba wakienda mtoni. Lakini zikiwa zimebaki siku chache, mwalimu akalifuta ubaoni. Alikuwa amepata habari asubuhi hiyo kwamba mdogo wake amefia katika kambi ya kizuizini. Hakutuambia yeye, tulisikia kwa mama zetu. Yeye alichukua chaki, akasema, "Maneno yatakuwa karibu yaleyale. Nabadilisha vina tu."

Siku ya ugeni tukapangwa uwanjani mbele ya lango. Wazazi walikaa chini, mama akiwa mstari wa mbele, amejifunga leso aliyokuwa ameificha tangu tulipotolewa nyumbani. Bwana DC alikaa kwenye kiti na miguu yake mirefu. Tukaanza:

*Tumeletewa amani, kijiji hiki ni chetu,*
*Twalala bila huzuni, milango hii ni yetu,*
*Na handaki la pembeni, hilo nalo ni la kwetu,*
*Asante toka moyoni, asante kwa kila kitu.*

Wanawake wengi walijua Kiswahili kidogo tu. Lakini "yetu" na "kwetu" waliyaelewa, maana katika lugha ya nyumbani maneno hayo yanakaribiana sana. Na waliposikia chetu, yetu, kwetu, sikio lao lilikuwa limeshakwenda mbele kungojea neno moja. Watu. Watu wetu. Nililiona neno hilo kwenye midomo ya mama kabla hatujafika mwisho. Sisi tukasema "kitu".

Hedimani akainua kofia.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Akainua tena, akaitikisa. Kisha jirani yetu, mwanamke ambaye wanawe wote walikuwa wamechukuliwa, akatoa sauti ndogo kooni, na wengine wakaishika, midomo imefungwa. Sijawahi kuisikia tena sauti ile.

"Wamefurahi sana, bwana," hedimani akasema haraka.

Bwana DC alikijua Kiswahili kuliko hedimani. Alimtazama mwalimu.

"Mwalimu, hili ni shairi la shukrani?"

"Ndiyo, bwana. Kila mstari unashukuru."

"Mbona linasikika kama la matanga?"

"Labda ni vina, bwana."

"Nani aliyevichagua?"

"Mimi," mwalimu akasema.

Kesho yake tulifika shuleni tukakuta ubao mtupu na homgadi mlangoni. Akatuambia turudi nyumbani. Nilimwambia mama kwamba mwalimu amechukuliwa, naye akaendelea kupeta maharagwe. Mimi nikakaa karibu naye nikawa naokota mawe. Baadaye alikuja mwalimu mwingine, wa hesabu na kuandika barua. Mashairi hayakutajwa tena.

Hali ya Hatari ilipokwisha watu walirudi kwenye ardhi zao, vibanda vikang'olewa, handaki likafukiwa. Baba alirudi akiwa mtu wa kunyamaza. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu wa Kiswahili, nikafundisha vina miaka mingi: vina vya kati, vya mwisho, alama mbili kila kimoja. Wanafunzi wangu walifaulu. Sikuwahi kuwaambia wafumbe macho.

Mwalimu wangu nilimkuta uzeeni, akiishi na binti yake mtaa wa Majimbo, hapa Embu mjini. Nilikwenda na kilo ya sukari. Hakunikumbuka. Nikamtaja mama, nikamtaja hedimani, nikamtaja Bwana DC.

"Shairi?" akasema. "Mimi sikuwahi kutunga shairi, mama. Nilikuwa fundi wa kushona."

Ni kweli alishona, baada ya kutoka kizuizini. Hawakumrudishia kazi ya ualimu. Sikubishana naye. Nilikunywa chai aliyoleta binti yake, kisha, bila kukusudia, nikaanza kulisoma kwa sauti ya chini. Nilipofika mstari wa tatu nikasema, "Na lile handaki pembeni."

Akainua kidole.

"Hapo mizani imezidi," akasema. "Sema, na handaki la pembeni."

Nikarudia alivyosema. Akatikisa kichwa kukubali, akageukia redio yake.

Alifariki mwaka uliofuata. Wale niliosimama nao uwanjani nimewatafuta, na niliowapata wananiambia wanakumbuka kiti cha Bwana DC, au kofia, au njaa. Sasa nikilisoma shairi lile peke yangu, wakati mwingine nasita katikati ya mstari, sina hakika kama ndivyo lilivyokuwa. Naendelea tu mpaka mwisho. Hata nikikosea, hakuna tena mtu wa kuniambia.