Mudogo Yangu Alisimama Pahali Pangu

Shule sikwenda sana, niliacha sababu ya ng'ombe moja ya baba, lakini hiyo ni habari ingine. Mudomo ndio ulinifanya mutu. Siku ya gusaba, wakati upande wa kijana unakuja kuomba binti, familia nyingi za Gisenyi ziliniita niseme kwa ajili ya upande wa binti. Unawakatalia wageni, unawachekesha, unawategea mafumbo, mwisho ndio unawapa.

Bon. Sauti ikaanza kukwaruza, halafu ikabaki hewa tu. Tukafikiri ni koo. Nikakunywa tangawizi, nikaenda hata Nyamyumba kuoga maji moto, kama vile sauti iko mu mugongo. Dokta akapitisha kamera ndogo mu pua, akaona kamba ya sauti ya kushoto haichezi tena. Akanituma kwa dokta wa moyo. Huyo akanichorea: mushipa mukubwa unaopeleka damu ku mapafu umevimba, unafinya kamushipa kanakoamrisha sauti. Akanipa dawa ya moyo. Sauti, alisema, hawezi kuahidi.

Na mujukuu yangu alikuwa karibu kuombwa.

Familia ikachagua mudogo yangu, muuza viatu wa Petite Barrière, pale mupakani. Akaniomba nimufundishe. Nilisema nimechoka. Siku yenyewe akasimama mbele ya watu, na kweli alisema muzuri. Watu walicheka vile walikuwa wanacheka kwangu. Nikaomba Mungu akwame.

Akakwama. Musemaji wa upande wa kijana alimurudishia fumbo. Mudogo yangu akainama ku sikio langu.

"Mukubwa, nisaidie."

Jibu nilikuwa nalo. Nikagusa koo, nikahema kama mutu aliyeishiwa pumzi.

Mudogo yangu akainuka, akawaambia wageni wameshinda, wachukue binti pamoja na yeye mwenyewe, sababu muke yake amemuchoka. Watu wakacheka mpaka viti vikaanguka.

Baadaye mujukuu yangu akatoka mu nyumba, akapiga magoti mbele yangu nimubariki.

"Sogokuru, nilikuwa ku dirisha. Ulikuwa unapumua muzuri. Mbona hukumuambia?"

"Ni wivu," nilisema.

Muziki ulikuwa unapiga, hakusikia. Akasogeza sikio. Nikasema tena. Akatikisa kichwa, akaomba wapunguze muziki. Mara ya tatu hata mudogo yangu, aliyesimama pale na soda yake, alisikia.