Mwaka Nilioacha Kubeba

Mwaka ule tulikula bukari ya njano. Wengine watakutajia mwaka kwa namba, mimi nautaja kwa unga. Unga mweupe ulikuwa umekwisha Likasi nzima, poso ya kampuni ya mgodi, mgao wetu wa chakula, ilikuwa imekatwa, na kilichofika sokoni ni unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, upande wa Zambia, wenye harufu ya gunia. Ukiusonga, bukari, ugali wetu, inatoka rangi ya kiini cha yai, na hapo ndipo unapolikumbuka yai lenyewe. Mboga ni matembele. Leo matembele, kesho matembele, bila mafuta, na chumvi ukibahatika. Siku ya dagaa mume wangu alidai vichwa, akisema vichwa vina akili na fonderi bado inamhitaji.

Fonderi haikumhitaji. Moto wa kuyeyushia shaba ulikuwa umezimwa zaidi ya nusu. Kila asubuhi alivaa kofia yake ya kazi, akaenda kukaa mlangoni na wenzake, akarudi jioni amechoka kwa kukaa.

Ndio mwaka damu yangu ilikataa kukatika. Ilianza kama ya kila mwezi, ikapita wiki, ikapita wiki mbili, nikaacha kuhesabu. Nilipasua mapazia ya zamani kufanya vitambaa, nikavifua nyuma ya nyumba mapema, kabla majirani hawajafungua milango. Nilidhani nimeficha. Lakini mulamu wangu, dada mkubwa wa mume wangu, hakufichwa kitu maishani mwake. Alikuwa mwanamke wa biashara, shingo nene ya kubeba, mdomo usio na kifuniko. Alinikuta nimekaa chini sakafuni kwa sababu nikisimama macho yanaingia giza. Hakunisalimu. Alimgeukia kaka yake na kumwambia kwamba mke wake anakauka kama mboga iliyosahauliwa juani, na yeye kazi yake ni kulinda mlango usio na mwizi.

Nilikwenda hospitali yetu, ile ya kampuni. Hapo niache niseme kidogo, maana hospitali ile naikumbuka kuliko nyumba nilimozaliwa. Watoto wangu sita niliwazalia pale. Shuka zilipigwa pasi, zilikwaruza miguu kwa usafi. Asubuhi walileta maziwa ya moto katika kikombe cha bati na yai la kuchemsha, na waume walisimama nje kwenye ukuta, mashati yamefungwa hadi kifungo cha juu, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mwaka wa bukari ya njano nilifika pale na mkeka wangu, na vitambaa vyangu, na maji yangu katika bidon.

Dokta alikuwa mzee, yule yule aliyepokea wawili wa mwisho. Alinibonyeza tumbo, akasema kizazi kimeota vinundu, kinatakiwa kutolewa, na kisipotolewa nitatoka damu hadi niishe. Nikamwambia basi akitoe. Akaangalia vidole vyake.

"Mama, minye niko na mikono. Shina uzi."

Hakuwa na uzi wa kushonea, yaani. Wala glavu, wala dawa ya kulaza mgonjwa, na umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Aliniandikia barua ya hospitali moja ya ng'ambo, akaikunja vizuri, akaniambia nisichelewe.

Katika kartye, mtaani kwetu, habari ilipita mbio. Neno lenyewe lilitisha watu. Kizazi ni nyumba ya mtoto tumboni, na kizazi ni watoto wenyewe na watoto wao, kwa hiyo wengine walisikia kama nakwenda kufutwa. Jirani mmoja alikuja kunililia kabisa, amefunga kitambaa cha msiba. Nilimwambia anyamaze. Kizazi changu kiko nje ya tumbo, kinakula matembele, na binti yangu mkubwa ana mimba ya miezi minane. Aende akalie kwake.

Mulamu ndiye aliyenisindikiza. Si kwa huruma peke yake. Alikuwa na furushi la vitenge vya kuuza ng'ambo, na alitaka kurudi na unga mweupe. Tulipanda treni hadi Lubumbashi, halafu taksi-bisi hadi mpakani Kasumbalesa, mimi nimekalia kitenge kilichokunjwa mara nne, yeye akigombana na kila aliyenigusa. Nilivuka mpaka nikimshika mkono kama kipofu.

Kule walisema Kibemba, ambacho sisi wa Likasi tunakisikia nusu. Nusu nyingine tuliipata kwa infirmie mmoja, muuguzi, ambaye mama yake alizaliwa upande wetu. Huyo ndiye aliyetueleza kwamba damu yangu imebaki kidogo, hawanipasui mpaka ndugu atoe yake. Ndugu alikuwa mmoja tu pale. Mulamu alinyoosha mkono kama anampimia mteja kitambaa, akamwagiza infirmie asije akaichanganya na maji. Nililala nikiangalia damu yake inashuka ndani yangu, yeye amekaa kando, anakula ndizi waliyompa, anasema sasa nitakuwa mrembo.

Wanawake wanaokwenda ng'ambo siku hizi kwa kazi ile ile huja kuniuliza kitu gani kinawangoja. Nawaambia hivi. Kupasuliwa hutakusikia. Utakachosikia ni kiu. Unaamka ulimi kama kipande cha mkeka, na maji hawakupi, wanakulowesha midomo tu na pamba, mpaka tumbo lako lifanye kazi, yaani mpaka ujambe. Msicheke. Kila asubuhi infirmie alipita kitanda kwa kitanda na swali hilo moja, na mwanamke mzima, mama wa watu, anajibu bado, kwa haya, kama mtoto asiyejua somo lake. Siku yangu ilipofika, mulamu alitoka mbio hadi mlangoni kutangaza. Wodi nzima ilipiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi mengine.

Na nawaambia kucheka ndiko kunakouma, kuliko kidonda chenyewe. Ukitaka kukohoa au kucheka, kunja kitenge, kigandamize tumboni kwanza. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba kile, kila mmoja na kitenge chake tumboni kama mimba ya uongo, na mulamu katikati akitueleza habari za wateja wake. Tulimwomba aache. Hakuacha. Leo yuko makaburini, na mimi nikikunja kitenge bado namsikia.

Niliomba kukiona. Dokta wa kule alishangaa, lakini alimruhusu infirmie kuniletea katika beseni. Kilikuwa kikubwa kama kichwa cha mtoto, na vinundu vyake kama viazi. Nikakitazama. Watoto sita walikaa mle, kila mmoja akaacha pametengenea kwa mwenzake. Nikakishukuru, kimoyomoyo, wakakiondoa.

Siku ya kutoka, infirmie alitusimamisha kando ya vitanda. Alisema anatujua sisi wa ng'ambo. Wanamshona mwanamke vizuri, na baada ya siku chache wanaambiwa yuko mpakani na gunia kichwani. Mmoja alirudishwa kidonda kimefunguka kama mdomo, na huyo hakuondoka tena. Kwa hiyo hatutoki chumbani kabla ya kujifunza kukataa. Wiki sita: si maji, si makaa, si unga, si mtoto. Wenye Kiswahili cha vitabu watasema sibebi. Yeye alitufundisha kwa chetu, na tukarudia mmoja mmoja: "Shibebi. Hata mukilia, shibebi."

Alijifanya mume mwenye njaa, tukamjibu. Alijifanya mama mkwe, tukamjibu kwa sauti zaidi. Mwisho alijifanya mtoto, akalia kabisa, na sisi tukagandamiza vitenge vyetu kwa kucheka.

Mimi nilisema maneno yale, lakini yaliniuma. Maisha yangu yote ni neno hilo moja, kubeba. Niliacha shule nikiwa mdogo ili nibebe mdogo wangu mgongoni. Nimebeba maji, nimebeba makaa, nimebeba mimba sita. Katika kartye nilijulikana kama yule anayepanda kutoka bombani na beseni imejaa kichwani, mikono inacheza hewani, na tone halianguki. Wasichana walitumwa kuniangalia. Sasa nijivunie nini, mikono mitupu?

Tukafika mpakani. Mulamu alikuwa ameuza vitenge vyake vyote na amenunua magunia mawili madogo ya unga, unga mweupe. Duane, watu wa forodha, wakati ule walikuwa na sheria yao: kichwa kimoja, gunia moja. Ukipita na mawili, wanasema ni biashara, wanachukua yote. Alikuwa amehesabu kichwa changu tangu siku tuliyotoka Likasi. Aliniwekea gunia mbele ya miguu, akanionyesha mlingoti wa bendera ya upande wetu, akasema ni kutoka hapa hadi pale tu, hata mtoto mdogo anafika.

Nilishangaa kuona mikono yangu tayari imeshakunja kitenge kuwa ngata, nimeshaiweka kichwani. Sikuiagiza. Nilikuwa nimewaona watoto wangu, na sufuria, na bukari nyeupe inatoa moshi. Nikainama kidogo, kidogo tu, na uzi wa tumboni ukavuta.

Nikasimama wima. Nikatoa ngata kichwani.

"Shibebi," nikamwambia. "Hata mukilia, shibebi."

Alinitazama kwanza kama hakusikia. Halafu akasogea karibu, akasema polepole, yeye ambaye hakusema polepole hata kanisani:

"Damu yangu iko mu mwili yako, mulamu. Na weye unanikatalia gunia moja?"

Nilikunja mikono juu ya kidonda, nikasubiri. Alilirudisha gunia la pili kwa mwanamke wa upande ule aliyemuuzia, akajitwika moja, akapita mbele yangu. Hadi Lubumbashi alipakata gunia lake, amenipa mgongo. Ni katika treni ndipo alipofunguka. Mzee mmoja aliniomba nimpakatie kikapu chake cha kuku, na kabla sijafungua kinywa, mulamu akamjibu kwa sauti yangu mimi, kidevu juu, mkono tumboni: shibebi. Watu wakacheka. Akarudia kwa kila aliyepita. Tulipoingia Likasi behewa zima lilikuwa linasema shibebi, na mimi na kitenge changu, nalia kwa kucheka na kwa maumivu. Lakini yeye hakuwa anacheka machoni.

Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa amezaliwa nikiwa kitandani kule. Msichana. Sasa ni mama mzima, na ndiye anayenisahihishia herufi hizi, na hadi leo, akimtaja mulamu, anasema yule bibi aliyenitoa nje. Maana katika nyumba yetu mtoto wa kwanza wa binti hutolewa nje na bibi yake. Bibi anamfunga mgongoni, anavuka naye mlango, wanawake wanapiga vigelegele, na kartye inajua mtoto huyu ana wenyewe. Walikuwa wamenisubiri. Mtoto hakuwa ameliona jua.

Nilikaa kwenye kiti cha chini, nikasema wamlaze mapajani. Nikamnusa kichwa. Alikuwa na paji la uso la mume wangu, maskini, na vidole vyangu. Nje wanawake walikuwa wamejaa hadi barabarani, na harufu ya bukari nyeupe ilikuwa imewaambia kwamba tumerudi. Binti yangu akaniletea kitenge cha kubebea, kipya, alichokiweka sandukuni kwa siku hiyo.

"Mama, ni mugongo tu," akasema. "Mpaka ku mlango. Minye mulikuwa munanibeba na mimba ingine mu tumbo."

Kweli. Nilimbeba hivyo, na bidon mkononi. Nikamwambia binti mwili ule umekwisha. Hakunisikia, machozi yalikuwa yameanza, na mtoto aliposikia mama yake analia, naye akaanza, kwa sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Wote wawili walilia mbele yangu, na nje vigelegele vya kwanza vilikuwa vimeanza kwa makosa.

Mulamu alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekunjwa. Safari hii hakuniigiza. Alikuwa ananitazama tu, anasubiri, na nilijua anasubiri nini. Nikimfunga mtoto huyu mgongoni sasa, basi kule mpakani sikukataa kubeba, nilimkataa yeye. Nikamsogezea mulamu yule mtoto, pamoja na kitenge kipya. Hakupokea. Alitaka kusikia kwanza.

Nikagandamiza tumbo kwa mkono, nikamwangalia binti yangu, nikasema ili wote wasikie, wa ndani na wa nje:

"Shibebi. Hata mukilia, shibebi."